Nimempeleka Mama Mkwe Kwenye Bwawa la Picha

Leo nimeadhirika. Tena si kuadhirika kwa kawaida, kule kwa kuteleza mnadani watu wakacheka kidogo halafu ukaondoka zako. Nimeadhirika ukweni! Mchana kweupe, mbele ya mama mkwe. Kimaro, sogea huko nikae. Mama Ntilie, nipe chai ya rangi. Sukari weka kidogo tu, leo sistahili sukari.

Najua mmeshasikia. Mzee Ramadhani muuza chumvi amepita hapa kabla yangu, na mdomo wake mnaujua. Amewaambia Masele wa malisho amechanganyikiwa, amemkuta porini peke yake anaongea na baiskeli. Ni kweli. Nilikuwa naongea na baiskeli. (Na ilikuwa inanisikiliza vizuri kuliko nyinyi.) Lakini hajui nilikuwa naongea nayo kwa nini, kwa hiyo tulieni niwaeleze kuanzia mwanzo, na asinikatishe mtu.

Tangu nirudi kozi Nairobi, nilikuwa sishikiki. Nyinyi wenyewe mashahidi. Kozi ya kusoma picha za satelaiti! Chombo kiko juu huko, juu kuliko ndege, kinapiga picha nchi nzima, halafu mtu aliyesoma anakaa mezani anasema hapa pana malisho, hapa pana maji, hapa ardhi imechoka. Ofisi nzima ya malisho nilichaguliwa mimi. Nikarudi na kofia ya kozi na bomba la plastiki lenye picha moja ya upande wetu huu. Lile bomba nilikuwa nalala nalo kitandani. (Mke wangu alikuwa amekwenda kujifungua, nafasi ilikuwepo.)

Picha yenyewe ukiiona hivihivi utadhani mtoto amemwaga rangi. Miti inaonekana myekundu, udongo wa mbuga una rangi ya majivu, maji meusi. Bosi wangu pale Shinyanga mjini alinikabidhi kwa sharti moja.

"Masele, hii picha ni ya kwenda kuhakiki. Unaenda mwenyewe, unasimama pale, unaona kwa macho yako, ndipo unasema. Usimwambie mtu kitu ambacho hujakiona."

"Ndiyo, mzee."

Nilisema ndiyo kwa sauti nzito, ya mtu aliyeelewa.

Sasa hali ya ukweni ndiyo hii. Milembe, mke wangu, amejifungua mapacha pale Kolandoto. Kulwa na Doto, mlinipongeza wenyewe hapahapa. Akatoka hospitali akaenda kwa mama yake kulea. Maziwa yake hayatoshi watoto wawili. Kulwa ananyonya, Doto anapewa ya ng'ombe, yanachemshwa, anakunywa kwa kijiko. Na ng'ombe anayekamwa pale ni mmoja tu, wanamwita Mweupe, yule mwenye pembe moja iliyokatika. Wengine wote ukame umewakausha, wanatembea mbavu nje. Yaani Doto anaishi kwa Mweupe. Hilo mlishike, maana ndilo limenileta hapa.

Baba mkwe alishafariki. Mashemeji zangu wako Nyarugusu kwenye mashimo ya dhahabu, wanasema wakipata watarudi na bati za nyumba. Hawajapata. Kwa hiyo anayechunga ni mama mkwe mwenyewe, mtu mzima yule, na fimbo yake. Lambo la kijiji chao limebaki tope, ng'ombe wanalamba.

Kimaro, wewe wa Moshi hujui, ngoja nikueleze. Huku kwetu mimi na mama mkwe hatuonani. Tunajuana, tunaheshimiana, lakini uso kwa uso hapana, na kuongea naye moja kwa moja ndiyo kabisa. Tukikutana njiani yeye anaingia kichakani, anajifunika kanga, ananipa mgongo. Mimi natazama upande wa pili napita. Neno lake kwangu linapitia kwa Milembe, langu kwake vilevile. Tangu nioe, mama mkwe namjua kisogo.

Basi jana nilikwenda kuwaona watoto, na bomba langu mkononi. (Nani anakwenda kuona watoto na bomba? Mimi.) Nikakaa kwenye mkeka, nikaitandaza picha, nikamwonyesha Milembe. Hii ndiyo barabara, hiki ndicho kilima chenu, huu mstari mto. Mama mkwe yuko nyuma ya ukuta wa jiko, nasikia anapepeta. Ghafla ungo ukanyamaza. Nikasikia minong'ono pale mlangoni, Milembe akarudi.

"Baba Kulwa, mama anauliza. Hiyo picha yako inaona maji?"

Jamani, mnielewe. Mama mkwe tangu nioe hajawahi kuniuliza swali zaidi ya "amekula?" Sasa ananiuliza la kitaalamu! Ningemjibuje, eti subiri nikahakiki? Mwanaume mzima, nimetoka Nairobi, nina kofia?

Nikainama kwenye picha. Ng'ambo ya vilima kuna ile mbuga waliyoifunga watafiti wa madini. Mnaijua, waliweka geti na askari tangu mwaka jana, wakawa wanatoboa ardhi na mitambo yao, mchungaji akikaribia anafukuzwa. Hivi karibuni wamefungasha wameondoka. Na katikati ya mbuga ile, kwenye picha, palikuwa na doa jeusi. Zuri, jeusi tii. Nikapiga hesabu yangu haraka: mitambo inataka maji, bila shaka wamechimba bwawa, wameondoka wameliacha. Pembeni ya doa jeusi palikuwa na doa jeupe. Hilo nikasema ni udongo wa chumvi, halituhusu.

"Mwambie mama, maji yapo," nikasema. "Mengi."

(Hilo "mengi" halikuwepo kwenye picha. Lilitoka mdomoni mwangu tu.)

Milembe akageukia ukuta. "Mama, anasema yapo. Mengi."

Nikasikia, "Wabeja." Asante, Kimaro, ni asante kwa Kisukuma. Na hakuituma kupitia kwa Milembe! Aliisema hewani tu, lakini ilinifikia yote. Nilirudi hapa Kishapu napiga mluzi. Shija, uliniuliza nina furaha gani, nikakwambia mambo ya ofisi.

Leo asubuhi nikachukua baiskeli ya ofisi, galoni la maji ya kunywa, bomba, kofia, nikaondoka kwenda kuhakiki. Bosi alisema nione ndipo niseme. Mimi nilikuwa nimeshasema, nikawa nakwenda kuona. Nikajipa moyo kwamba yote ni kazi, mpangilio tu umegeuka.

Nikazunguka kwa barabara ya geti, maana baiskeli haipandi vile vilima. Geti liko wazi, askari hayupo. Nikaendesha mpaka kwenye kona ya mto mkavu, ile inayoonekana kwenye picha, nikapima na kilima, nikashika uelekeo. Nikafika.

Hakuna kitu.

Nyasi fupi zilizokauka, udongo uliopasuka, vishimo vya watafiti vimefukiwa vizuri kabisa, na soksi moja ya mzungu kwenye mti wa miiba. Nikasema labda nimepotea. Nikarudi kwenye kona ya mto, nikaanza upya. Nikafika palepale, kwenye soksi. Nilikuwa nimesimama katikati ya bwawa langu na viatu vyangu vina vumbi mpaka kwenye kamba.

Nikaitandaza picha juu ya tandiko la baiskeli. Safari hii nikaangalia madoa yote mawili, jeusi na jeupe. Jeupe lina umbo la katambuga, kisigino chembamba, mbele pana. Jeusi nalo katambuga, kisigino chembamba, mbele pana. Yaani kama pea ya viatu, ila vyote viwili vya mguu wa kushoto. Nikakaa chini palepale.

Lile jeupe ni wingu. Jeusi ni kivuli chake.

Siku ile chombo kilipopita, palikuwa na kawingu kamoja juu ya mbuga ile, kametupa kivuli chini. Na msidhani sikufundishwa. Nilifundishwa! Swali hilohilo lilikuja kwenye mtihani, "taja vitu vinavyoweza kufanana na maji kwenye picha," na mimi niliandika kivuli cha wingu, nikachora na mchoro. Nilipata vema. Mwalimu aliandika pembeni "safi sana."

Mnataka kujua kwa nini basi jana sikukiona? Kwa sababu jana sikutaka kiwe kivuli. Nimemwona Doto amekonda, nimesikia swali la bibi yake, nikataka yawe maji. Hakuna utaalamu mwingine hapo.

Nikajiambia haina neno. Nitarudi polepole, nitamnong'oneza Milembe, Milembe atamwambia mama, nitacheka kidogo, yataisha. Hakuna aliyeumia. Nimekunja picha, nimeshika usukani, ndipo nikasikia kengele.

Kengele za ng'ombe! Nikageuka, nikaona vumbi linashuka kwenye kikorongo cha vilimani. Ng'ombe wa mbele wameinamisha vichwa, hawana haraka ya wanyama waliosikia harufu ya maji. Na nyuma yao anavutwa kwa kamba ng'ombe mweupe mwenye pembe iliyokatika.

Mama mkwe alikuwa ametoka alfajiri, akakata njia ya vilimani, ametembeza ng'ombe wa njaa mwendo wote ule kuja kwenye bwawa langu. Hakusubiri kuhakiki. Mkwe wake amesema yapo, mengi, asubiri nini?

Aliponiona akafanya kama inavyotakiwa. Akaachia kamba, akaingia nyuma ya kichaka, akachuchumaa, kanga kichwani, mgongo kwangu. Mimi nikafanya kama inavyotakiwa, nikatazama upande wa pili. Ng'ombe wakasimama katikati yetu. Jua linatwanga. Hakuna mtu mwingine hata kwa dawa, na Milembe yuko nyumbani na mapacha. Nimesimama pale najua jambo ambalo mtu mmoja tu duniani lazima alisikie, na mtu huyo ndiye nisiyeweza kumwambia.

Na kila dakika wale ng'ombe wanazidi kukauka.

Ndipo nikaigeukia baiskeli.

"Wewe baiskeli," nikasema kwa sauti. "Umetoka mbali leo."

Nikaipangusa vumbi kwenye tandiko.

"Baiskeli, nisikilize. Hapa maji hakuna."

Kutoka kichakani ikaja sauti ya mama mkwe, anamwambia ng'ombe.

"Wewe Mweupe. Umesikia baiskeli inavyoambiwa? Jana tuliambiwa yapo. Mengi."

(Hilo "mengi" lilinichoma kama pilipili jichoni.)

"Baiskeli, maji yale... yamekauka."

"Mweupe, tangu jana?"

Mnaona alivyo? Nikapangusa jasho. Ningeweza kuendelea kudanganya, baiskeli isingebisha. Lakini mtu huwezi kumdanganya mama mkwe mara mbili ndani ya siku mbili, hata kama unapitia kwenye baiskeli.

"Baiskeli, nimesema uongo. Hayajakauka. Hayakuwepo. Lile jeusi kwenye picha lilikuwa kivuli."

"Mweupe, kivuli cha nini?"

"Baiskeli, cha wingu."

Ng'ombe mmoja akakohoa. Nikaona mama mkwe hajanisikia, nikaanza kupaza sauti. Nikasahau nilipo. "Baiskeli, mimi ndiye mwenye makosa! Mimi! Baiskeli, nisamehe, nakuomba!" Nikawa nimepiga goti moja, nimeushika usukani kwa mikono yote miwili.

Na hapo ndipo Mzee Ramadhani anatokea, na magunia yake ya chumvi nyuma ya baiskeli, anakatiza kwenda mnadani.

Akashika breki. Akaniangalia. Akaiangalia baiskeli. Akaniangalia tena.

"Masele?"

"Shikamoo, Mzee Ramadhani! Mungu amekuleta! Nisaidie kumwambia mama huyu hapa!"

Mama mkwe kusikia sauti ya mwanaume mwingine, akajikunyata zaidi nyuma ya kichaka, haonekani hata kanga. Na mimi, kwa kuwa siwezi kutazama upande wake, nilinyoosha kidole nikiwa nimegeuza uso upande wa pili. Kidole kikatua kwa ng'ombe.

"Mama gani, mwanangu?"

"Huyo hapo! Mama mkwe wangu!"

Mzee Ramadhani akamtazama Mweupe kwa muda. Mweupe naye akamtazama.

"Marahaba," akasema taratibu. "Pole sana. Jua la mwaka huu ni kali." Akapanda baiskeli akakanyaga pedali, mzee yule mwenye magoti mabovu, mpaka gunia moja likaanza kumwaga chumvi njiani. Nikamwita. Hakugeuka. Ndiye huyo aliyewahi kufika kwenu.

Chekeni sasa, maana mbele hapachekeshi.

Chumvi yake bado inaonekana njiani, Mweupe akakunja magoti ya mbele. Halafu ya nyuma. Akalala. Shija, wewe mfugaji unajua. Ng'ombe wa ukame akilala mchana namna ile, usipomwinua palepale hainuki tena. Na hainuliwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe, mwingine anashika mkia, mnanyanyua kwa pamoja.

Nikakimbia nikashika mkia. Nikavuta. Nikavuta tena, nikateleza, nikakaa chini. Nikabaki nimeshika mkia, nimeangalia pembeni, naomba kimoyomoyo atokee mtu yeyote, hata Mzee Ramadhani arudi. Kama ni ardhi kupasuka inimeze, ilikuwa imeshapasuka tayari, kazi ya kunimeza tu ndiyo iliyobaki.

Kichaka kikatikisika. Mama mkwe akatoka.

Kanga imeshuka mabegani, kichwa wazi. Akaja moja kwa moja, akashika ile pembe nzima kwa mkono mmoja na kidevu cha ng'ombe kwa mkono mwingine. Kunyanyua kwa pamoja lazima muangaliane. Nikainua macho.

Nikamwona. Ni Milembe mtupu, Milembe wa miaka ijayo. Midomo imepasuka kwa kiu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Vuta," akaniambia.

Hilo ndilo neno la kwanza mama mkwe kuniambia mdomo kwa sikio tangu nioe binti yake. Tukavuta. Mweupe akanyanyuka, akasimama, miguu inatetemeka. Nikamimina maji ya galoni kwenye kofia yangu ya kozi, nikamnywesha. Akanywa yote, akalamba na kitambaa. Tukampeleka hatua chache, kila mmoja kwa upande wake, tunaelekea nyumbani. Akaanguka tena.

"Vuta."

Tukamwinua. Akaanguka. Tulivyojaribu tena hakuweza kuinua hata shingo. Alipokata roho tulikuwa bado tumemshika, mama pembe, mimi mkia. Nikalia. Sioni aibu kuwaambia, nililia pale mbele ya mama mkwe na kamasi juu.

Yeye alikaa chini kando ya kichwa cha ng'ombe, akawafukuza nzi kwa ncha ya kanga. Baada ya muda akasema, "Baba Kulwa. Ilete hiyo picha."

Nikaitandaza chini. Tukainama wote wawili, mimi na mama mkwe, vichwa vinakaribia kugongana. Nikamwonyesha jeusi. Nikamwonyesha jeupe. Akaweka kidole chake juu ya lile jeupe.

"Hili ndilo wingu lenyewe?"

"Ndilo, mama."

"Lilikuwa linaelekea wapi?"

Nikaangalia picha. Nikaangalia kila kona, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Sijui, mama. Picha haionyeshi."

"Na mvua yake ilinyeshea wapi?"

"Sijui, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Hakunisimanga, hakuniuliza nilikwenda Nairobi kufanya nini. Akasimama, akajifunika kanga mpaka usoni, akanipa mgongo. Halafu akawaambia ng'ombe waliobaki, "Twendeni." Nikajua na mimi nimeambiwa.

Tumerudi kwa njia ya vilimani, yeye na ng'ombe mbele, mimi nyuma mbali nimebeba baiskeli begani kwenye mawe. Wale wengine wamefika, wamepelekwa kwenye tope la lambo, Mungu atajua. Milembe alitoka nje na Doto mgongoni. Akawapitishia macho ng'ombe mmoja mmoja.

"Mweupe yuko wapi?"

Milembe akatuangalia wote wawili, akaingia ndani. Ndama akasikia kengele za wenzake, akaanza kulia pale alipofungwa, na mpaka naondoka alikuwa hajanyamaza.

Doto amepikiwa uji mwembamba wa mtama. Ametema. Akajaribiwa tena, akatema, akalia mpaka sauti ikakauka, akalala kwa kuchoka. Milembe alinisindikiza mpaka uani. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Baba Kulwa, kesho ataamka."

Kwa hiyo jamani, chai hii sikuifuata. Bosi nitamwandikia kwamba nimehakiki, doa jeusi si maji, na atafurahi, kwake kazi imefanyika vizuri. Nyinyi ndio nina shida nanyi. Shija, una ng'ombe wawili wanaokamwa, usiangalie barabarani, naongea na wewe. Kimaro, mwenye nyumba wako anakamua kila siku, nasikia ndoo ikipita dirishani kwangu. Naomba kibuyu kimoja kwa siku, cha Doto, mpaka mvua zinyeshe au mashemeji wapate dhahabu, chochote kitakachotangulia.

Nilisema chekeni, na mmecheka, nimewasikia wote. Sasa aliyecheka kuliko wenzake ndiye nitakayeanza kumgongea kesho asubuhi.

Haya, mbona mmenyamaza?